Nati ya Nne

Maige, fundi wa pancha, alifungua nati tatu bila hata kutoka jasho. Alipofika ya nne akasita. Akaipuliza vumbi, akaifuta kwa kidole gumba, akaisogelea kama mtu anayesoma gazeti bila miwani. Kisha akakaa juu ya tairi la akiba na kumwuliza mwenye gari:

"Mzee, hii moja ufunguo wake uko wapi?"

"Si hiyo spana uliyonayo?" alijibu Josephat Machibya.

"Spana itashika nini hapa? Njoo uone mwenyewe. Ni duara tupu, haina pembe. Ina mchoro tu."

Machibya hakuinama. Alikuwa amevaa shati jeupe la enzi za ofisini, na majirani wawili watatu walikuwa wamesimama penye bomba la maji wakitazama. Alifunga mikono nyuma akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua jambo hilo tangu zamani.

"Ziko hivyo hizi za Japani," alisema. "Tumia nguvu tu."

"Nguvu haisaidii kitu kisichoshikika, mzee."

Gari lilikuwa limeinamia upande mmoja mbele ya nyumba yao pale Igogo, tairi la nyuma limelala chapati. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi gari hilo lilitakiwa lisimame kwenye geti la kiwanda cha minofu ya sangara, likaguliwe, na likikubaliwa lianze kuwabeba wasimamizi wa zamu kwa mkataba wa mwaka mzima. Meneja alikuwa ametoa maneno machache tu: lije zima, lije mapema, lisipokuja kazi anapewa Chenge. Na Chenge alikuwa mmoja wa wale waliosimama penye bomba.

"Naona gari limepumzika, Machibya!" aliita.

"Tunalikagua tu."

"Kagueni, kagueni. Jumatatu si mbali."

Maige alirudisha zile nati tatu mahali pake, akakusanya jeki na spana zake. Tairi la akiba lilikuwa zima kabisa, lakini lingevaliwa wapi kama lile bovu halitoki? "Tafuta ufunguo, mzee," alisema. "Ukiupata niite hata saa ya kula."

Dorcas, binti yao, alikuwa amekaa kizingitini akichagua mchele. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani akisubiri majibu. Alitamani sana kwenda kuchungulia hiyo nati yenye mchoro. Mchoro wa nini? Kwa nini mtu achore kwenye chuma kinachofichwa ndani ya wilikapu, mahali ambapo hakuna anayekiona? Lakini baba yake alikuwa bado amesimama pale mikono nyuma, akitazama ziwa, na mgongo wake ulionekana kutotaka maswali.

Jua lilipokaribia kuzama Machibya alitoa kila kitu kilichokuwa ndani ya buti. Alinyanyua zulia, akaingiza mkono chini ya viti, akafungua kile kisanduku cha mbele na kumwaga karatasi zenye maandishi ya Kijapani. Paskazia, mkewe, alimwona kupitia dirisha la jikoni.

"Baba Dorcas, umepoteza nini?"

"Hakuna."

"Nikusaidie kutafuta?"

"Mambo ya gari mwachie mwenye gari, mama Dorcas. Wewe pika."

Paskazia akarudi kwenye unga wake. Tangu mumewe apunguzwe kazi, biskuti ndizo zilizokuwa zikinunua mboga na mafuta ya taa. Alizioka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na kila asubuhi alizipeleka kwenye gati la kivuko kuwauzia wasafiri wa Sengerema. Wanawake wengine watano waliuza biskuti pale pale. Za kwake ziliisha kwanza, kwa sababu zilikuwa na ua katikati. Watu walisema, "Nipe zile zenye ua," nao watoto walikula pembeni kwanza ili ua libaki mwisho. Wenzake walimwuliza analichoraje, naye akacheka tu. Hata nyumbani, alipofika kwenye kazi ya kutia ua, aligeukia ukutani, akamaliza haraka, akafukia kifaa chake ndani ya debe la unga.

"Baba anatafuta nini?" Dorcas alimwuliza.

"Mimi nitajuaje? Muulize."

Dorcas akaenda mpaka kwenye mlango wa gari. "Baba, kinafananaje hicho unachotafuta? Labda nilikiona wakati wa kufagia."

Machibya aliinua kichwa. Kwa muda mfupi alionekana kama atajibu. Lakini hakujua kinafananaje, na kusema hivyo mbele ya mwanawe kulimshinda. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa stoo katika shirika la pamba, na pale stoo aliyejibu "sijui" ndiye aliyechekwa. Alijifunza kujibu haraka na kwa sauti nzito. Orodha ya wanaopunguzwa ilipotoka, jina lake lilikuwemo pamoja na ya wale waliochekwa, lakini ile sauti alirudi nayo nyumbani.

"Ingia ndani," alisema. "Mbu."

Jumamosi alishuka mjini kwa miguu mpaka duka la spea la Nadim Hasham. Alisubiri wateja wenye magari yanayotembea wahudumiwe kwanza. Nadim alikuwa kijana mchangamfu aliyerithi duka kutoka kwa baba yake, na alipenda spea kama wengine wanavyopenda mpira. Aliposikia habari ya nati akasahau wateja wote.

"Ina mchoro? Mchoro gani? Kama nyota? Kama mawimbi?"

"Mchoro tu," alisema Machibya.

"Mzee, hapo kwenye 'mchoro tu' ndipo penye kazi." Akavuta droo na kumwaga juu ya meza vyuma vidogo vya mviringo, kila kimoja na umbo lake mdomoni. "Tazama. Hivi vimeachwa na watu. Mjapani anaogopa kuibiwa magurudumu, basi kila gari anafunga nati moja ya peke yake kila gurudumu, na anakupa kifaa chake kimoja. Upande huu unashikwa na spana, upande huu unaingia kwenye nati. Kikipotea umepotea. Chukua hivi, kajaribu. Kisichoingia nirudishie."

Machibya alivibeba kwenye bahasha, akapanda navyo Igogo, akasubiri mtaa utulie wakati wa chakula cha mchana, akavijaribu kimoja kimoja kwa kupapasa, uso ameugeuzia barabarani ili apitaye adhani anapumzika. Hakuna kilichoingia. Akashuka tena mjini na jua la saa nane.

"Pole sana," Nadim alisema, na alisikitika kweli. "Lakini chako lazima kilikuja na gari, mzee. Huwa kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, ndani ya buti. Tangu lifike, gari limelala wapi zaidi ya kwako?"

Machibya akafikiri. Mfuko wowote hakuukumbuka. "Kwa Shimba. Usiku mmoja."

"Basi anza huko. Muulize tu."

Muulize tu, alisema Nadim. Kama Machibya angeuliza tu, pengine habari hii ingeishia hapo. Lakini njiani alikutana na Chenge akiwa ndani ya gari lake, kioo ameshusha. "Unatembea, Machibya? Mazoezi mazuri hayo!" Na kwa hiyo alifika ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa mafundi, akiwa tayari ana hasira ya mtu mwingine.

Shimba alikuwa chini ya Land Rover. Alipoona viatu vilivyong'arishwa alijivuta akatoka, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

Machibya hakuitikia. "Shimba, nimefuata kifaa changu."

"Kifaa gani?"

"Usinifanye mtoto. Gari langu lililala hapa. Lilikuwa na kifaa cha kufungulia nati za magurudumu. Leo hakipo."

"Mzee, mimi nilimwaga oili na kubadilisha plagi. Magurudumu sikuyagusa. Hata wilikapu sikuibandua."

"Kwa hiyo kilishuka chenyewe kikaenda sokoni?"

Mafundi walioko karibu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Shimba naye alitabasamu. "Hebu niambie kinafananaje. Hapa vitu huokotwa. Tutaulizana."

Lilikuwa swali lile lile la Dorcas, na lile lile la Nadim, na mchoro wa chake bado hakuujua. Machibya alihisi watu wote wa uwanja ule wanamngoja.

"Unajua wewe kinavyofanana," alisema kwa ile sauti nzito. "Mwizi ndiye anayejua umbo la alichoiba."

Nyundo zikanyamaza. Mtu mmoja aliyekuwa akichomelea akazima moto wake. Maige, ambaye kibanda chake cha pancha kilikuwa pale pale, alisimama akaja polepole.

"Mzee Machibya," alisema, "hapa tuna utaratibu wetu. Ukimwita mmoja mwizi, umetuita wote. Gari lenye neno hatuligusi mpaka neno liondolewe, na liondolewe hapa hapa, mbele ya hawa hawa waliolisikia. Hata mimi lile tairi lako silishiki tena. Samahani."

"Mwanza nzima ina mafundi," Machibya alisema.

"Inao. Na wote tunafahamiana."

Shimba alichota mafuta kidogo kwenye kopo, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, kisha akauliza, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Hata marahaba, mzee?"

Machibya alikuwa ameshageuka.

Maige hakutia chumvi. Mafundi wa sokoni walimjibu kwamba wana kazi nyingi. Wa kule karibu na stendi akauliza, "Wewe ndiye wa Shimba?" na hakungoja jibu. Jioni ile Paskazia alipata habari kwa mwanamke aliyemuuzia mkaa: mumeo amemwita Shimba mwizi. Alishtuka. Shimba alikuwa mtu wa kwao, na mwaka wa mafuriko ndiye aliyewahamishia vitanda kwa mkokoteni.

"Ameiba nini?" alimwuliza mumewe.

"Kitu cha gari."

"Kitu gani cha gari?"

"Mama Dorcas, ukiambiwa utakielewa?"

Paskazia akaenda kukanda unga. Dorcas aliona mama yake anaupiga ule unga kuliko siku nyingine.

Jumapili, walipotoka misa ya pili, mtu wa tindo, ambaye Machibya alikuwa amemtafuta baada ya mafundi kukataa, alikuwa amewatangulia nyumbani. Jina lake Nathaniel, naye hakuwa fundi wa uwanja wowote. Alizunguka na gunia lake akivunja vitu ambavyo wengine walikataa kuvivunja: kufuli, kuta, makaburi yaliyojengwa vibaya. Alikuwa amedai nusu ya malipo kwanza, na Machibya alikuwa amempa.

"Rimu inaweza kupasuka," Nathaniel alisema mapema. "Ikipasuka usiniambie kitu."

"Piga."

Nathaniel akapiga. Mlio ulifika mpaka bomba la maji, na watu wakaanza kusogea, Chenge akiwa na kiti chake kabisa. Tindo iliteleza ikachuna rimu, ikaacha kovu linalong'aa. Akapiga tena. Kipande kidogo cha pembeni kikamenyeka kama ganda la yai. Nati ilikuwa pale pale, kavu, haikutikisika. Kila nyundo iliposhuka, Machibya alifumba macho. Gari lile ndilo lililokuwa kiinua mgongo chake chote, na sasa alikuwa amemlipa mtu alipige.

"Mpeni fundi chai," Paskazia alisema kutoka mlangoni. Hakulipenda jambo lile, lakini mtu anayefanya kazi kwenye nyumba yako hupewa chai. Dorcas akaleta kikombe na kisahani chenye biskuti mbili. Nathaniel akaweka nyundo chini, akaenda kukaa kivulini.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hapakuwa na mtu penye gurudumu. Dorcas alitazama huku na huku, akakusanya gauni lake la kanisani, akachuchumaa.

Nati ilikuwa imejaa vumbi la chuma. Akaifuta kwa pindo la gauni. Ndani ya lile duara kulikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka, ukiingia na kutoka, ukiingia na kutoka. Akainamisha kichwa upande. Ulikuwa ua. Na jani moja la ua hilo, la chini kushoto, lilikuwa dogo kuliko mengine.

Dorcas alilijua lile jani dogo. Alikuwa akilila kila asubuhi. Siku zote alidhani mkono wa mama yake ndio unaoteleza.

Aliinuka, akaenda mpaka kwa Nathaniel aliyekuwa akipeleka biskuti ya pili mdomoni. "Samahani, kaka," alisema kwa sauti ambayo haikusikika vizuri, akaichukua mkononi mwake.

"Hee! Mnanyang'anya fundi?"

Watu wakacheka. Dorcas alijisikia uso unawaka, lakini miguu ilimrudisha penye gurudumu. Akaishika biskuti kando ya nati. Akaigeuza kidogo mpaka jani dogo likaelekea chini kushoto.

"Baba," aliita. "Njoo."

"Nini?"

"Njoo uiname, baba. Ukiwa umesimama huwezi kuona."

Pengine ni ule utulivu wa mtoto asiyezoea kuagiza. Machibya alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili. Alitazama nati, akatazama biskuti, akatazama nati. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka Chenge akainuka kwenye kiti ili aone kuna nini.

"Mama Dorcas," Machibya alisema bila kuinuka. "Hili ua unalichora na nini?"

Paskazia alisita mlangoni. Wenzake wawili wa kwenye gati walikuwa pale pale kati ya watazamaji, shingo wamezinyoosha. Lakini alipouona uso wa mumewe aliingia ndani, akarudi na mkono mweupe kwa unga, na katikati ya kiganja kulikuwa na chuma kifupi cha mviringo.

"Na hiki," alisema. "Nilikichemsha kwanza."

"Umekitoa wapi?"

"Si ulinipa wewe."

"Mimi?"

"Siku gari lilipoletwa. Ulitoa takataka zilizokuwa ndani, kitana, sarafu za kwao, na kifuko cha kitambaa. Nikakuuliza, baba Dorcas, hiki ni nini? Ukasema ni pambo la Wajapani. Ukasema, wape watoto wachezee. Sikuwapa. Nililiona ni ua zuri."

Hakuna aliyecheka, hata Chenge. Ni Nathaniel tu aliyesema kutoka kivulini, "Na jasho langu je? Lile halirudi!"

Machibya alikichukua kile chuma, akakipangusa unga, akakiingiza kwenye nati. Kiligongwa mara moja tu kwa nyundo, kikakaa. Akatia spana. Nati ikazunguka bila hata kulia.

Tairi la akiba likavaliwa, gari likasimama sawa. Watu wakatawanyika. Machibya alinawa mikono, akakaa sebuleni akanyoosha miguu kama mtu aliyerudi safari.

"Haya," alisema. "Limekwisha."

"Na Shimba?" Paskazia aliuliza.

"Nitampitia. Wiki hii hii."

"Ulimwita mwizi mbele za watu."

"Nimesema nitampitia, mama Dorcas. Wacha kwanza kesho ipite. Nikienda sasa wataniita nini? Mtu aliyempa mkewe ufunguo wa gari apikie?"

"Watakuita hivyo hivyo," Paskazia alisema. "Wale wa bomba wameona. Kabla jua halijatua mafundi watakuwa wamesikia. Afadhali wasikie kwako." Alikuwa ameshapanga biskuti kwenye sinia na kuzifunika kwa kitambaa. "Mimi naenda. Kwa sababu kifaa kilikuwa kwangu, na Shimba akiitwa mwizi mimi ndiye niliyekaa na cha wizi. Wewe baki ukipenda."

Alikuwa amefika penye reli aliposikia hatua za mumewe nyuma yake.

Jumapili mafundi hawafanyi kazi nyingi, lakini huwa wapo. Wengine walicheza bao, Maige alikuwa akifua ovaroli yake, Shimba alikuwa amekaa kwenye kiti kilichotolewa kwenye gari fulani, akikata kucha kwa wembe. Aliwaona tangu mbali. Walipofika alisema, "Karibu, mama Dorcas." Kwa Machibya shikamoo haikutoka.

Machibya alisimama mbele yake. Aliweka mikono nyuma, akaitoa, hakujua aiweke wapi.

"Marahaba, Shimba," alisema.

Shimba akainua macho. "Sijakusalimu, mzee."

"Ulinisalimu jana. Sikuitika. Ndiyo naitika."

Bao likasimama. Machibya akatoa kile chuma mfukoni, akakiinua wote wakione, na kwa sauti ambayo haikuwa nzito hata kidogo akaeleza: kwamba Shimba hakuchukua kitu, kwamba kifaa kilikuwa nyumbani kwake, kwamba alikitoa yeye mwenyewe kwa mkono wake akampa mkewe kwa sababu hakukijua na hakutaka kusema hakijui. "Neno lile nalirudisha," alisema. "Hapa hapa nilipolisemea."

"Kwa hiyo mama Dorcas alikuwa anapikia nati?" mtu mmoja aliuliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kicheko kile kilimwingia Machibya kila mahali, lakini alisimama mpaka kikaisha.

"Hebu nikione," Maige alisema. Akakipokea, akakigeuza, akampa mwingine. Kikazunguka mkono kwa mkono kwa wale watu waliokaa na vyuma maisha yao yote, kila mmoja akichungulia mdomoni mwake, akikipima na biskuti ya kwenye sinia, akisema "Tazama, tazama hili jani dogo." Biskuti zikaisha haraka, ikabaki moja. Shimba hakula. Chuma kilipomfikia alikishika kwa muda, akakirudisha.

"Nimesikia, mzee," alisema. "Neno limeondoka. Maige atakuzibia tairi lako, alirudishe mahali pake."

"Na wewe?"

"Mimi nimesikia." Akarudi kwenye kucha zake.

Jumatatu Machibya alikuwa kwenye geti la kiwanda kabla wauzaji wa mapanki, yale mabaki ya sangara, hawajafika. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki na ya dawa ya kuoshea sakafu. Meneja alilizunguka gari, akapiga teke tairi moja moja, akafungua buti akaona tairi la akiba lipo, zima. Alipofika gurudumu la nyuma, lile ambalo Maige alikuwa amelizibia tairi na kulirudisha, akainama.

"Hili kovu la nini?"

"Ni makosa yangu," Machibya alisema. "Nililipiga tindo bila sababu."

Meneja alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amezoea jibu la namna hiyo. "Fundi wako nani?"

"Shimba. Wa ng'ambo ya reli."

"Mtu wa kuaminika? Hawa mafundi wa uwanjani, ukiwaachia gari wanakurudishia nusu."

"Gari langu limelala kwake," Machibya alisema. "Hakikupotea kitu. Kilichopotea kilipotea nyumbani kwangu."

"Sisi tuna magari mawili yamekufa hapa ndani," meneja alisema. "Mwambie aje ayatazame. Na wewe jioni, saa ya zamu, usichelewe."

Machibya alitoka na gari polepole, akapita barabara ya chini badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani. Ng'ambo ya reli alizima injini. Shimba alikuwa chini ya Land Rover ile ile. Aliona viatu, akajivuta akatoka, akakaa pale chini bila kusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Machibya akatoa ujumbe wa kiwanda, wote, bila kuongeza kitu chake. Magari mawili. Aende leo au kesho. Amtaje nani pale getini.

Shimba alisikiliza akisugua oili kwenye vidole. Alilitazama gari, akalitazama lile kovu la kwenye rimu, akatikisa kichwa. Kisha akauliza, akitazama pembeni:

"Zile biskuti za jana, ile moja ilibaki?"

"Sijui," alisema Machibya. "Ngoja nikamwulize mama Dorcas."